Cheza kwa Saa, Usicheze kwa Maumivu: Mwongozo wa Mpenda Gemu Mwenye Maumivu Sugu

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi Sanya Juu, Lawate, Ngarenairobi au kokote kwenye miteremko hii ya Kilimanjaro, unayependa gemu, na ambaye mwili unakudai kila ukiweka padi chini. Pengine ni kidole gumba kinachowaka. Pengine ni shingo, au mgongo ulioumia kwenye ajali ya bodaboda na haujarudi kuwa ule wa zamani. Pengine una seli mundu au baridi yabisi, na ulianza kuishi na maumivu kabla hujajua PlayStation ni nini.

Wataalamu wa tiba huyaita maumivu sugu yale yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Ukifika hapo, watu wa nyumbani hukupa ushauri mmoja: acha gemu. Ushauri huo unatoka kwenye upendo, lakini wengi hawaufuati, kwa kuwa gemu inawapa kitu ambacho maumivu yamewanyang'anya. Aliyeshindwa kwenda uwanjani kucheza mpira hukutana na wenzake mbele ya skrini. Aliyeamka na maumivu hupata muda ambao hafikirii mwili wake. Mimi mwenyewe naishi na maumivu ya mkono na shingo, na sikubali kwamba njia ni mbili tu, ama kucheza mpaka uumie ama kuacha kabisa. Unaweza kubadili namna ya kucheza. Kazi hiyo inataka nidhamu zaidi ya inavyotaka fedha.

Kwa nini husikii gemu inapokuumiza

Mwaka 1990 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya daktari Richard Brasington wa Marekani kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyepata maumivu makali ya kidole gumba baada ya kucheza Nintendo kwa saa tano bila kupumzika. Alikuwa amezichosha kano za kidole kwa kubonyeza. Padi zimebadilika sana tangu wakati huo, lakini kidole gumba ni kilekile.

Jiulize: aliwezaje kufika saa ya tano? Jibu liko kwenye utafiti mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mjini Seattle, mtafiti Hunter Hoffman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walianza kuwavalisha wagonjwa walioungua moto miwani ya gemu wakati wa kuhudumiwa vidonda. Baadaye walitengeneza gemu iitwayo SnowWorld, ambamo mgonjwa hupita kwenye bonde la barafu akirusha matonge ya theluji. Wagonjwa walieleza kwamba maumivu yalipungua sana walipokuwa wakicheza. Umakini wa ubongo una kikomo. Ukishikwa na mchezo, kinachobaki cha kusikiliza maumivu huwa kidogo.

Hiyo ni neema, na ndiyo maana gemu inakufariji. Lakini kwa mgonjwa wa moto kidonda kilikuwa kwenye ngozi, na mchezo haukukiongeza. Kwako wewe, mkono unaouma ndio huohuo unaocheza. Gemu inaziba sauti ya maumivu huku ikiendelea kuyachochea, na ukizima TV saa nne usiku unaletewa deni lote kwa pamoja.

Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni moja, na mengine yote yanaitumikia: saa iamue kabla maumivu hayajaamua. Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa chuo hichohicho cha Washington, aliandika mwaka 1976 kitabu kuhusu tiba ya maumivu sugu ambamo alifundisha kwamba mgonjwa afanye shughuli kwa kiwango kilichopangwa mapema, asingoje maumivu yamsimamishe. Ukisimamishwa na maumivu kila mara, mwili hujifunza kuiogopa shughuli yenyewe. Ukisimama kwa saa, unaondoka ukiwa bado mzima, na kesho unarudi.

Jua panapouma

Haya ni ya kukusaidia kujua ubadili nini na umweleze nini daktari. Usiyatumie kujitibu.

Maumivu chini ya kidole gumba, upande wa kifundo cha mkono, mara nyingi ni ya kano za gumba. Huchochewa na kusukuma analogi na kubonyeza vitufe kwa nguvu.

Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, inaashiria neva inayopita katikati ya kifundo kubanwa. Huchochewa na kifundo kilichokunjwa kwa muda mrefu.

Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete inatoka mara nyingi kwenye neva ya kiwiko. Huchochewa na kuegemea benchi kwa viwiko au kushika simu karibu na uso huku kiwiko kimekunjwa sana.

Maumivu ya shingo na mabega hutokana na kuinama. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 4 hadi 5, na kadiri unavyokiinamisha kuelekea simu ndivyo misuli ya shingo inavyolazimika kuvuta zaidi kukizuia.

Maumivu ya kiuno hutokana na kukaa bila kubadilika, hata kwenye kiti kizuri.

Ukiwa na ugonjwa unaoumiza mwili mzima, gemu huenda si chanzo kabisa. Kwako baridi, kukosa usingizi na uchovu vina uzito kuliko vitufe, na sehemu zinazozungumzia mambo hayo hapa chini ndizo zako.

Tafuta kiwango chako

1. Kwa siku tatu za kawaida, cheza kama ulivyozoea, lakini weka alamu ya simu ilie kila baada ya dakika 5. Ikilia, yape maumivu yako namba kati ya 0 na 10. Andika dakika ambayo namba ilipanda kwa mara ya kwanza.

2. Chukua muda mfupi kuliko yote, ugawe kwa mbili. Tuseme siku ya kwanza namba ilipanda dakika ya 40, ya pili dakika ya 30, ya tatu dakika ya 35. Mfupi ni 30, nusu yake ni 15. Kiwango chako cha kuanzia ni dakika 15 kwa kikao.

3. Weka alamu, kisha iweke simu mbali, mahali pa kukulazimu kusimama ili kuizima. Ikilia, sitisha mchezo, hata kama ni dakika ya 88 na unaongoza kwa goli moja.

4. Pumzika angalau kwa muda uleule uliocheza. Toka nje, nyosha mgongo, fungua na kufunga vidole taratibu, zungusha mabega, tazama mbali. Kuperuzi simu si mapumziko, kwa kuwa gumba na shingo ni zilezile.

5. Kesho yake asubuhi ndiyo itakayokuhukumu. Kama umeamka na maumivu zaidi kuliko asubuhi zako za kawaida, punguza kiwango kwa robo. Kama hujaamka nayo, kishikilie kwa wiki nzima.

6. Wiki ikipita salama, ongeza sehemu moja ya kumi. Dakika 15 ziwe 16 au 17. Utaona ni kidogo mno, na ni kweli ni kidogo. Kano na misuli hujengeka polepole.

7. Siku mwili ukiwa mwepesi, usizidishe. Hapa ndipo wengi tunapoanguka: siku nzuri tunacheza saa nne kufidia siku mbaya, kisha tunalala na maumivu siku mbili. Kiwango ni kilekile siku nzuri na siku ya kawaida.

Mikono ya shamba ndiyo mikono ya padi

Ukiishi huku kwetu, gemu haiwezi kupimwa peke yake. Kano za gumba zinazosukuma analogi ndizo zinazopukuchua mahindi. Mikono inayoshika padi ndiyo inayokamua ng'ombe asubuhi, inayofua nguo, inayochuma kahawa na kukaza mafuta ya pikipiki kutoka Sanya Juu hadi Boma Ng'ombe. Hesabu nguvu ya mikono yako kama salio la simu: ni moja, na kila matumizi yanakatwa humohumo.

Siku ya kupukuchua mahindi kwa mkono, punguza gemu kwa nusu au iache kabisa. Kama mashine ya kupukuchulia ipo jirani, hiyo ni dawa nzuri kuliko kidonge. Kama haipo, badilishana kazi na wenzako nyumbani: chukua zile zinazotumia miguu, kama kupeleka mifugo malishoni au kwenda sokoni, na kazi za vidole zifanywe na mwingine kwa vipindi vifupi. Wakati wa kufua, kukamua nguo kubwa kwa kusokota ndiko kunakoumiza kifundo. Zitundike zikiwa zinachuruzika maji, zitakauka tu.

Mwambie mzazi mapema, kabla kazi haijagawanywa. Kijana anayesema "Shikamoo mama, naomba leo nifanye za shambani, vidole vinakufa ganzi nikipukuchua" anasikilizwa. Yule anayekimbia mahindi saa nane kisha akaonekana na padi saa kumi ataitwa mvivu, na hatakuwa na la kujitetea.

Kiti, meza na skrini

Banda la gemu mara nyingi lina benchi lisilo na egemeo, na nyumbani wengi hucheza wamekaa kitandani wamejikunja. Vyote viwili vinarekebishika.

Nyayo zote mbili ziguse sakafu na magoti yawe usawa wa nyonga au chini yake kidogo. Stuli ikiwa ndefu, weka tofali chini ya miguu. Ikiwa fupi, fundi seremala ataiongezea miguu. Kunja kitenge au khanga kama mkate, ukiweke kati ya kiuno na egemeo. Weka mto mapajani ili mikono na padi vipumzike juu yake, mabega yasibebe kitu.

Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho. TV iliyotundikwa juu karibu na dari inakurudisha shingo nyuma, kwa hiyo usikae mstari wa mbele, sogea nyuma. TV iliyowekwa sakafuni inakuinamisha, kwa hiyo ipandishe juu ya meza au kreti la soda.

Usicheze ukiwa umelala kifudifudi. Shingo hubaki imepinda kwa nyuma muda wote na viwiko hukandamizwa. Na hata ukikaa vizuri namna gani, badilika: kikao kimoja kaa, kinachofuata simama.

Padi na mipangilio

Anza na mkono wako. Tazama kucha unapocheza. Zikigeuka nyeupe, unaikaba padi. Ilegeze. Mtego huu huja hasa kwenye penalti na dakika za mwisho, kwa hiyo jikague hapo.

Zima mtetemo. Mkono unaouma hauhitaji kutikiswa.

Angalia hali ya padi yenyewe. Padi iliyochakaa, yenye vimpira vilivyokufa ndani, inakulazimisha kubonyeza mara mbili kwa nguvu. Fundi anaweza kubadilisha vimpira hivyo.

Hamisha kazi za vitufe. PS4 ilipewa uwezo huo mwaka 2015 na PS5 inao pia, kwenye mipangilio ya ufikivu. Kwenye PS2 na PS3 tafuta ndani ya mipangilio ya gemu husika. Kitufe cha kwanza kukifikiria ni cha kukimbia, kwa sababu kwenye gemu za mpira wengi hukishika mechi nzima. Kihamishie kwenye kidole kisichouma, kisha jifunze kukiachia: mchezaji asiyekimbia ovyo anapiga pasi nzuri zaidi.

Tumia misaada ya gemu. Mfululizo wa FIFA, ambao tangu mwaka 2023 unaitwa EA Sports FC, una mpangilio wa kucheza kwa vitufe viwili. Pasi zinaweza kusaidiwa, kasi ya mchezo inaweza kupunguzwa, na dakika za kila kipindi zinachaguliwa. Vipindi vya dakika 6 vinakupa mechi inayotosha ndani ya dakika 15 za kiwango chako. Kupunguza ugumu wa gemu si aibu. Gemu ilitengenezwa na ngazi hizo ili kila mtu acheze.

Kwa mwenye baridi yabisi, padi nyembamba ni mateso, kwa kuwa inataka vidole vijikunje sana. Zungushia mishikio ya padi hiyo sponji ya godoro na uifunge kwa bandeji, ukiacha vitufe wazi. Kitu kinene kidogo hushikwa bila kukazwa.

Kama mikono imefunga kabisa, ujue kwamba viko vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili yako. Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller mwaka 2018, na Sony ikatoa padi ya Access kwa ajili ya PS5 mwaka 2023. Vyote huwekwa mezani, vina vitufe vikubwa, na unaweza kuviunganisha na vitufe vya kubonyeza kwa goti, mguu au kiwiko. Ni ghali na huagizwa kutoka nje. Lakini mashirika kama AbleGamers la Marekani na SpecialEffect la Uingereza yametoa bure mafunzo mengi ya namna ya kucheza na mwili wowote ule. Mmarekani Mike Begum, aliyejulikana kwa jina la BrolyLegs na kufariki mwaka 2023, alizaliwa na ugonjwa uliokakamaza viungo vyake. Alicheza Street Fighter kwa kutumia mdomo na uso, akawa miongoni mwa wachezaji bora wa mhusika Chun-Li mtandaoni.

Ukichezea simu

Wengi wetu gemu yetu ni simu, na simu ndiyo inayoumiza haraka kuliko padi, kwa kuwa mikono inafanya kazi mbili: kushika na kucheza.

Iegemeze. Stendi ya simu, kitabu kizito au mto mapajani vinaondoa kazi ya kwanza. Pandisha simu kuelekea macho badala ya kuteremsha kichwa kuelekea simu. Usiishike juu ya uso ukiwa umelala chali.

PUBG Mobile, Free Fire na Call of Duty Mobile zinakuruhusu kusogeza vitufe kwenye skrini. Vilete pale gumba linapofika bila kunyooka. Ongeza wepesi wa mguso ili kusogeza kidole kidogo kutoshe kugeuza kamera. Call of Duty Mobile ina namna rahisi ambayo bunduki hufyatuka yenyewe ukimlenga adui, na hiyo hulipunguzia gumba kazi kubwa. Simu nyingi hukubali pia padi ya bluetooth.

Chagua gemu inayokusubiri

Swali la kuuliza kabla ya kuanza gemu yoyote ni hili: naweza kusitisha nikitaka? Raundi ya PUBG inaweza kufika nusu saa, na haisitishwi. Ukiwa na kiwango cha dakika 15, utalazimika kuvunja kanuni au kuwatupa wenzako. GTA San Andreas unaisitisha muda wowote. Kipindi cha kwanza cha mechi dhidi ya kompyuta kinaweza kuchezwa leo asubuhi, cha pili jioni.

Weka akiba ya gemu za siku mbaya, zile za zamu, ambazo hazijali wepesi wa kidole. Sataranji kwenye Lichess ni bure, haina matangazo, na unaweza kucheza mechi ambayo kila hatua mnapewa siku kadhaa kufikiri. Drafti na bao zipo pia kwenye simu. Gemu za kuwa kocha, kama Football Manager, zinakupa mpira wote, usajili na mbinu, bila kukimbiza kitufe hata kimoja. Ukiijua akiba hii mapema, siku mbaya haitakufukuza kwenye mchezo kabisa.

Ukiwa bandani

Kanuni ya mabanda mengi ni kwamba anayefungwa anapisha. Kwa mwenye maumivu sugu kanuni hiyo ni hatari, kwa kuwa kadiri unavyojua ndivyo unavyokaa. Mshindi wa mechi sita mfululizo ndiye anayelala na mkono umevimba.

Sema mapema, kabla ya kulipa: "Kaka, mimi leo nacheza mechi moja nakaa pembeni, hata nikishinda napisha." Hakuna mwenye banda atakayekataa mteja anayeachia kiti, na hakuna anayesubiri zamu atakayelalamika. Nenda saa ambazo hakuna msongamano. Beba padi yako uliyoizoea na kipande cha sponji cha kukalia. Ukiwa umepisha, bado una kazi: kuwa mwamuzi wa mabishano, mtangazaji, au mwenye daftari la ligi ya mtaa. Ligi nyingi hufa kwa kukosa mtu wa kupanga ratiba na kuandika matokeo, na mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Baridi, usiku na vidonge

Kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya huku inaingia hadi kwenye mifupa. Vidole vya baridi havikunjuki vizuri, na kwa mwenye seli mundu baridi inaweza kuamsha maumivu makali. Kabla ya kucheza, loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, vaa sweta na soksi, na funga shingo. Kama ngozi yako ina ganzi, pima maji kwanza kwa sehemu isiyo na ganzi. Mwenye seli mundu awe na chupa ya maji ya kunywa pembeni. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili upate joto la kuchezea. Moshi wake usioonekana, kaboni monoksidi, unaua mtu akiwa anasinzia.

Bando la usiku ni rahisi, na ndilo linalowakesha wengi. Lakini usingizi ukikatwa, mwili husikia maumivu zaidi kesho yake. Tumia bando la usiku kupakua masasisho, ulale, ucheze mchana.

Na vidonge. Wapo wanaomeza diklopa kabla ya mashindano ili wacheze zaidi. Usifanye hivyo. Dawa za kundi la diklofenaki zikitumiwa mara kwa mara bila ushauri huleta vidonda vya tumbo, kutokwa damu tumboni na madhara ya figo. Hata paracetamol ina kikomo: mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kwa baadhi ya watu kikomo ni chini ya hapo. Dawa uliyoandikiwa inywe kama ilivyoandikwa. Kiwango chako cha dakika kisiongezwe kwa sababu kidonge kimenyamazisha mkono.

Lini uende hospitali, na useme nini

Nenda haraka, bila kungoja wiki, ukiona lolote kati ya haya: miguu au mikono kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, kiungo kilichovimba na kuwa cha moto pamoja na homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida kwa mwenye seli mundu, maumivu yaliyoanza baada ya ajali.

Maumivu ya mgongo yasiyoondoka yakiambatana na homa za jioni, jasho la usiku au kukonda yanahitaji kuchunguzwa kifua kikuu, kwa kuwa ugonjwa huo hushambulia uti wa mgongo pia. Hospitali ya Kibong'oto, iliyobobea katika kifua kikuu, iko hapahapa wilayani Siha.

Kwa maumivu mengine, anzia kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Wilaya. Ukihitaji zaidi, omba rufaa ya kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC mjini Moshi. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo. Hawa wa pili kazi yao hasa ni kukusaidia uendelee na shughuli unazozijali kwa mwili ulio nao. Hapohapo KCMC kuna chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia viungo. Kwa ganzi ya usiku ya vidole, kifaa cha kukinyoosha kifundo wakati wa kulala mara nyingi husaidia sana. Uliza.

Usimfiche daktari habari za gemu. Wengi huona haya, wakasema tu "mkono unauma", wakapewa kidonge wakarudi nyumbani. Sema: "Daktari, nacheza gemu muda fulani kila jioni, napukuchua mahindi, na maumivu huanza dakika ya 30 chini ya gumba." Mpelekee daftari lako la dakika na namba. Maelezo hayo yatamwongoza haraka kuliko kusema tu panauma.

Anza wiki hii

Usibadili kila kitu kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia. Leo zima mtetemo, tafuta mto wa mapajani na andaa daftari. Siku tatu zinazofuata pima dakika zako. Siku ya nne anza na nusu, na mwambie mtu mmoja wa nyumbani na rafiki mmoja wa bandani kiwango chako ni dakika ngapi, ili alamu ikilia wakukumbushe kusimama. Baada ya wiki mbili ongeza badiliko moja: kiti, vitufe, au aina ya gemu. Baada ya miezi miwili lilinganishe daftari la mwanzo na la sasa. Kama asubuhi zako zimekuwa nyepesi, endelea na mpango huohuo. Kama hazijabadilika, chukua daftari hilo uende nalo hospitali.